Masikio yanalia miaka sasa, nani kapata nafuu?

sina_usingizi: Wakuu habarini, mwenzenu masikio yote mawili yanalia nziiii kama nyenje, miaka sasa, mchana kukiwa na watu afadhali ila nikizima taa tu ndo mlio unapanda, daktari kachungulia na kitochi akasema masafi, nenda kazoee. Nazoeaje sasa? Dawa hakuna jamani?

fundi_mitambo: Pole sana mkuu. Ya kuizima kabisa hakuna, anayekuuzia matone ya kuponya anakula hela yako tu. Ila kitochi hakitoshi, omba upimwe usikivu, ile unavaa hedifoni unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Mara nyingi chembe za kusikia ndani ya sikio zimekufa kwa makelele au umri. Mimi nilikutwa sauti nyembamba sizipati, nikapewa vifaa vya kusikia na mlio ukapungua ukali.

mama_wawili: Usilale kwenye kimya kabisa, washa feni au redio chini chini. Halafu kuna tiba ya mazungumzo kwa mwanasaikolojia, mlio hauondoki ila ile hofu inakuachia, mi ndo iliyonirudishia usingizi. Na kama unameza aspirini nyingi mwambie daktari.

sina_usingizi: Asanteni sana. Kwahiyo earphone niache?

fundi_mitambo: Acha sauti kubwa. Na ukisikia mlio unadunda sambamba na mapigo ya moyo kamwone daktari mapema, ila sikio moja likigoma kusikia ghafla, siku hiyo hiyo hospitali usisubiri kesho.