Naomba ushauri: mauntingi za injini (vishikio vya raba vinavyoibeba) kwenye Forester ya turbo

Habari zenu wadau. Nina Subaru Forester ya 2005, gia za mkono, injini EJ20 ya turbo niliyoiongezea nguvu mwaka jana. Ndiyo gari langu la kila siku, foleni ya Thika Road asubuhi na jioni.

Nikiachia klachi haraka kidogo, chini hulia "kong!" na mkono wa gia unaruka. Fundi alipoinua injini kwa jeki tuliona raba ya mauntingi ya kulia imechanika, kidole kinapita, tena imelainika kwa oili iliyokuwa ikivuja juu yake. Uvujaji tumeuziba. Nikaweka jozi ya mtumba ya Kirinyaga Road, Nairobi. Miezi mitatu, kelele ikarudi. Iliniuma sana.

Sasa fundi anataka niweke za poliyurethini, plastiki iliyo ngumu kuliko raba. Naogopa mtetemo gari likisimama kwenye foleni, maana mama ana shida ya mgongo na mimi ndiye humpeleka kliniki.

Je, zile za Group N za STI (kitengo cha michezo cha Subaru), za raba ngumu, zitatosha? Na ni lazima nibadilishe pamoja na mauntingi ya giaboksi na pichi stopa (kile kifimbo cha juu kinachozuia injini isiyumbe mbele na nyuma), au nianze na hizo mbili za injini? Asanteni sana.