Milembe au Mirembe? Tumekwama kwenye herufi moja

Baba_Kijacho_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, na tumeshaambiwa ni wa kike. Jina tulikubaliana mapema, au mimi nilidhani tumekubaliana. Nasema Milembe, jina la marehemu bibi yangu wa Magu. Mwenzangu anasema Mirembe, kwa sababu mama yake ni Mganda wa Masaka na kwao linaandikwa hivyo. Maana ni ileile kwa wote, amani, ila amani yenyewe nyumbani imepungua. Juzi nimekuta begi la nguo za mtoto limeandikwa kwa peni nene MIREMBE, herufi kubwa tupu. Nikanyamaza, lakini iliniuma. Nishaurini kabla hatujafika kwenye cheti.

Shangazi_Igoma
Hongera baba. Weka L. Jina la bibi halikarabatiwi. Ukiweka R huyo siyo bibi yako tena, ni bibi wa watu.

Mwalimu_wa_Zamu
Nafundisha darasa la tatu, nawajua hawa viumbe. Siku atakapoitwa Mirembe kwenye daftari la mahudhurio, hakosi mmoja dawati la nyuma wa kuuliza kama mwenzake amesharuhusiwa kutoka Dodoma. Hospitali ile ya wagonjwa wa akili nchi nzima inaijua kwa jina. Mimi L, kwa usalama wa mtoto.

Dagaa_wa_Mwaloni
Mwalimu, hapo L haiokoi kitu. Wabongo wengi hospitali yenyewe wanaiandika Milembe! Utani utakuja kwa herufi yoyote.

Nesi_Mstaafu
Nimesoma hapo juu nikasikitika. Nimekaa wodini na wagonjwa hao miaka mingi, wanatibiwa na wanarudi makwao kulima na kulea. Hiyo siyo sababu ya kulikimbia jina. Hoja ya bibi naielewa, hiyo ya Dodoma siielewi.

Mzee_wa_Mutukula
Nimeishi upande wa pili wa mpaka, niongeze kitu ambacho wengi hawakijui. Kwa Waganda, l na r siyo sauti mbili zinazogombana. Ni kanuni ya uandishi: ikitanguliwa na e au i wanaandika r, kwingine wanaandika l. Angalia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo: mwanzo L, ikifika baada ya i inageuka r. Ndiyo maana Mirembe ina r, kwa sababu ya ile i ya mwanzo, basi. Sasa Kisukuma hakina r kabisa, kwa hiyo bibi yako angeandikwaje kama siyo Milembe? Mnagombania jina moja lililopita kwenye kalamu mbili. Mkeo hajamwacha bibi yako, na wewe hujamwacha mama mkwe.

Baba_Kijacho_Nyegezi
Mzee, hii nimemsomea mke wangu. Amecheka, kisha akasema "kwa hiyo ya kwetu ndiyo ina kanuni." Nimerudi nilipoanzia.

Khadija_Hadija
Naona mnacheka, ngoja niwape yangu. Nimezaliwa Hadija, ndivyo cheti cha kuzaliwa kinavyosema. Darasa la kwanza mwalimu akaona hilo jina limekosewa, akaniandikisha Khadija. Shule ya msingi Khadija, sekondari Khadija, cheti cha kidato cha nne Khadija. Mimi sikujua kama ni tatizo hadi naomba mkopo wa chuo, majina yakagoma kuoana. Nikaenda kwa wakili kuapa kwamba Hadija na Khadija ni mtu mmoja. Nilipopewa karatasi nisaini, peni ilisimama hewani. Nisaini kama nani? Wakili akaniambia, "Dada, saini tu, foleni ndefu." Hadi leo nyumbani naitwa Hadija, kazini Khadija, na kile kiapo nakitunza kwenye bahasha pamoja na vyeti.

Kwa hiyo kaka, mimi sikuchagulii L wala R. Nakuomba hivi: herufi iliyo kwenye tangazo la kizazi ndiyo iwe kwenye cheti, kadi ya kliniki, ubatizo na shule. Na siku ya kumwandikisha darasa la kwanza nenda mwenyewe, usimtume jirani.

Mjita_wa_Ukweli
Karatasi sawa, ila mdomo haujui karatasi. Huyo mtoto Magu ataitwa Milembe, akivuka kwenda Tarime, kule Mara, ni Mirembe, utake usitake. Hata huu mji wetu, Wasukuma wanasema Ng'wanza na ramani inasema Mwanza. Ng'wanamalundi, yule mganga wa miujiza wa Kisukuma, naye ameandikwa Mwanamalundi, na sifa zake hazijapungua. Mimi kipimo changu ni kusimama mlangoni jioni na kuita kama vile mtoto yuko mbali anacheza. Milembeee! inateleza. Mirembe ukiita haraka watu watasikia "mrembo", sijui kama ni hasara hiyo.

Kabula_wa_Masika
Muiteni Kabula, jina la Kisukuma la mtoto wa msimu wa mvua, na mvua ziko njiani. Halina r, mmemaliza ugomvi.

Shangazi_Igoma
Kabula, kila uzi wa majina unajipigia kampeni.

Baba_Kijacho_Nyegezi
Wakuu, nimerudi. Binti amezaliwa alfajiri ya Jumanne, mama na mtoto wazima. Kilichoamua ni mama mkwe mwenyewe. Alipiga simu, mke wangu akamuuliza anataka herufi gani, akajibu kuwa yeye atamwita kwa mdomo, hatamwita kwa kalamu, tuandike tunavyotaka. Mke wangu akanigeukia, akasema basi weka ya bibi yako, ila begi haliandikwi upya.

Nikaenda dirishani kujaza tangazo. Kwa kumkumbuka dada Khadija, nikamtamkia karani herufi moja moja. Nilipofika ya tatu nikasema, "L, ya Lamadi. Siyo R ya Rorya." Karani, kwa lafudhi ya Mara isiyojificha, akaitikia bila kuinua kichwa: "Nimekuerewa mzee. Ya Ramadi."

Nilijipenyeza nusu mwili dirishani kuchungulia. Ameandika L.