Foko ya baiskeli ya Kijapani imepinda (Moshi): ninyooshe, nifunge shokapu au nitafute ya mtumba?

Mtoka Pasua:
Wakuu, habari za jioni. Nina baiskeli ya Kijapani ya mtumba, zile zenye kikapu mbele na kariya nyuma. Ni ya siku nyingi ila ndiyo inayonitoa Pasua na kunifikisha kazini Shanty Town, asubuhi napanda, jioni nashuka. Wiki iliyopita bodaboda kanibana, gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Mimi mzima, mikwaruzo tu. Foko, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ndiyo imerudi nyuma: nikikata kona ncha ya kiatu inagusa madigadi, na baiskeli inavuta kushoto.

Nimezunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza anataka kuipasha moto kwa gesi ainyooshe, 10,000. Wa pili ananiambia nifunge shokapu mpya, yaani foko yenye springi, 45,000. Wa tatu kasema tafuta foko ya mtumba, lakini hakunifafanulia nitafute ipi. Mfukoni nina 40,000, na ufundi humo humo. Habari ya kununua baiskeli nyingine msinipe. Natanguliza shukrani.

Mangi wa Gia:
Pole mkuu. Ongeza hiyo elfu tano uchukue shokapu, mikono itapumzika. Barabara zenyewe tunazijua.

Spoki Tatu:
Yangu ilinyooshwa mwaka juzi na bado naendesha. Watu wanapenda kutishana humu.

Fundi wa Zamani:
Mleta mada, kabla pesa haijatoka, pindua baiskeli magurudumu yawe juu. Pitisha kidole chini ya lile bomba la fremu linaloshuka kutoka shingoni kwenda kwenye pedeli, pale pale nyuma ya shingo. Ukisikia mkunjo, au ukiona rangi imepasuka kwa kukingama, ujue fremu nayo imeumia na foko yoyote utakayonunua ni hasara. Pakiwa laini, tuendelee.

Gesi kataa. Foko nyingi za zamani miguu yake imeungwa begani, pale juu inapokutana, kwa madini yanayoyeyuka mapema kuliko chuma chenyewe. Ukipiga moto, kiungo kinalegea na chuma kinapoteza ugumu, kwa nje unaona imenyooka tu. Spoki Tatu sikubishii: kunyoosha baridi, mpindo ukiwa mdogo na uko kwenye miguu, inawezekana na zipo zinazodumu. Ila mpindo wa kugusa kiatu si mdogo. Mara nyingi huo uko kwenye bomba linaloingia shingoni, chini kabisa karibu na bega, na hutauona mpaka foko itoke. Sehemu hiyo ikikatika haikupi taarifa, na wewe jioni unateremka breki ya mbele umeibana.

Shokapu ni suala la vipimo kabla hata ya bei. Shokapu za madukani karibu zote bomba lake ni inchi moja na moja ya nane, milimita 28.6. Baiskeli kama yako kwa kawaida ni inchi moja, 25.4. Haliingii, labda mtu aanze kuchonga fremu, na huyo mkimbie. Hata lingeingia, shokapu ya bei hiyo ina zaidi ya kilo mbili, inainua mbele, na usukani unakuwa mzito kugeuka. Kwa mtu anayepanda kila asubuhi, ya nini?

Huna kipimo cha fundi? Chukua ukanda wa karatasi, zungushia bomba la foko ikishatoka, weka alama pale ncha inapokutana, halafu nyoosha kwenye rula. Ikija kama milimita 80, ni inchi moja. Ikija 90, ni ile nene. Pima na urefu wa bomba kuanzia begani hadi juu, na usome namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Uniletee zote.

Mtoka Pasua:
Shikamoo mzee. Chini ya bomba pako laini, rangi haijapasuka. Foko imetoka, na kweli, mpindo uko pale chini kwenye bomba, juu kidogo ya kikombe cha gololi, ukiilaza mezani unauona. Karatasi imekuja 80 kasoro kidogo. Bomba ni milimita 172. Tairi imeandikwa 26 x 1 3/8, na kwa herufi ndogo 37-590. Breki ya mbele inakaa kwa bolti moja inayopita katikati ya bega.

Dada wa Majengo:
Kaka, nina foko ya mauntenibaiki imelala stoo, ni 26 kama yako. Nipe 12,000.

Fundi wa Zamani:
Marahaba. Dada, usikasirike, hiyo haimfai. 26 zinazidiana. Angalia ile namba ya pili kwenye tairi, hiyo 590. Ndiyo kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa, kwa milimita. 26 ya mauntenibaiki ni 559. Tofauti ni 31, nusu yake 15 na ushee. Maana yake rimu ya huyu kijana itapita milimita 15 juu ya pale mipira ya breki za mauntenibaiki inapobana. Mipira itakuwa inakamata spoki. Na nyingi za aina hiyo hazina tundu la bolti begani, kwa hiyo hata breki yake ya zamani hana pa kuifunga.

Mwendo wa Kobe:
Na ya Phoenix? Hizo zimejaa mpaka vijijini, na chuma chake ni cha kweli.

Fundi wa Zamani:
Chuma sikitii kasoro. Lakini Phoenix ile kubwa ya 28 x 1 1/2 rimu yake ni 635, foko ni ndefu kwa zaidi ya milimita 20, na imetengenezewa breki za fimbo. Mbele itanyanyuka na breki haitafika kwenye rimu.

Kijana, wewe tafuta foko ya Kijapani mwenzake, ya chuma, isiyo na shokapu. Pita masoko ya Mbuyuni, Memorial, hata Kiboriloni, uliza mafundi wanaochinja baiskeli za mtumba. Beba foko mbovu na gurudumu lako, usiende mikono mitupu na maelezo. Gurudumu liingie bila kutanua miguu, rimu ikae katikati, tundu la bolti liwepo. Halafu nati yako ya juu uizungushe kwenye foko hiyo kwa vidole tu. Ikianza kugoma usilazimishe, thredi hazilingani.

Urefu: bomba likiwa refu kidogo si tatizo, mradi thredi zishuke chini vya kutosha. Likiwa fupi kuliko lako, rudisha, hata ukiuziwa kwa 5,000.

Rangi iliyopakwa juzi juzi ikutie shaka. Sisi mafundi tunajuana.

Mtoka Pasua:
Mzee, nimepata Mbuyuni kwa 16,000, ina kutu ya juu juu tu, rangi ni ya kiwandani. Gurudumu limekaa, nati imeingia kwa vidole. Mambo mawili: bomba ni milimita 180, na imekuja na kile kikombe chake cha chini. Nikate? Na nitumie kikombe kipi?

Mangi wa Gia:
Kata, milimita 8 ni dakika mbili.

Fundi wa Zamani:
Usikate. Ukikata juu unapunguza thredi, na usipojua zinaishia wapi unaweza kukosa pa kukazia. Jaza na washa, vile vipete vya chuma, chini ya nati ya juu, pale pale kinapokaa kishikio cha kikapu. Milimita 8 ni washa chache.

Kikombe tumia kilichokuja na foko, mradi kiwe kimekaza na gololi zitembee bila kukwaruza. Kikiwa na vishimo, hamisha chako, za Kijapani kwa kawaida zinaingiliana. Gololi nunua mpya, weka grisi ya kutosha, kaza mpaka usukani usicheze lakini ugeuke wenyewe ukiinua mbele. Shingo ya usukani usiivute juu kupita ule mstari wa mwisho uliochorwa juu yake.

Mtoka Pasua:
Nashukuru sana mzee. Foko ya zamani kuna jamaa wa skrepa anaitaka, nimpe?

Fundi wa Zamani:
Mpe, ila likate bomba kwa msumeno kwanza. Usipolikata, mwezi ujao utaikuta Mbuyuni imenyooshwa na kupakwa rangi nyeusi.