Gari linanuka petroli, niripoti wapi?

KijanaWaBombo: Wakubwa, shikamooni. Nina gari dogo la Japani la mwaka 2004, liliingia Uganda kabla ya sheria ya 2018 kuzuia kuingiza yenye miaka 15 au zaidi. Nikilizima likiwa moto, harufu ya petroli inajaa ndani. Fundi anasema kasoro ni ya kiwanda. Tovuti ya kiwanda inakataa namba yangu ya chasi. Niende trafiki au UNBS, shirika la viwango?

Baba_Malaba: Trafiki? Utaulizwa pamiti ya udereva, basi.

FundiNdeeba: Angalia mpira unaopeleka petroli kwenye injekta, zile zinazoipuliza ndani ya injini, na oringi, yaani pete za mpira, za injekta zenyewe. Ukizima, presha inabaki ndani huku injini bado ni ya moto, na mpira uliokauka unatoa jasho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Usiegeshe karibu na sigiri ya mtu!

Mama Zam: Langu lilinizimikia ndani ya msitu wa Mabira, usiku, mvua juu. Boda aliyenitoa alinitoza kama ananiuzia pikipiki. Siku hizi mimi ni basi tu.

FundiNdeeba: Kijana, gari liko wapi sasa hivi?

KijanaWaBombo: Lipo.

FundiNdeeba: Lipo wapi ssebo?

KijanaWaBombo: Kwa shemeji. Ameshalipa nusu, analipelekea watoto shule. Lakini alilijaribu mwenyewe, na tuliandikiana kwamba limeuzwa kama lilivyo. Halafu harufu yenyewe si ya kila siku. Ndiyo maana nataka kiwanda kibebe mzigo wake.

Bi Rukia: Watoto wa dadako hao! Muislamu haruhusiwi kuuza kitu chenye kasoro bila kuibainisha. Karatasi yenu itaungua pamoja na gari.

Jasusi256: Mnalishwa hadithi. Kwanza lilikuwa gari "langu", sasa la shemeji. Na kiwanda gani kinakataa namba ya gari kilicholiunda chenyewe?

FundiNdeeba: La namba ni kweli. Tovuti zao za nje zinataka herufi na tarakimu 17. Gari la soko la Japani lina namba fupi yenye kistari, kwa hiyo atafute ukurasa wa Kijapani wa kiwanda hichohicho. Ila hata akikuta waliyaita magari hayo yarudishwe wayarekebishe, mpira hautajileta Bombo. Anunue wa injekta unaostahimili presha, asije akafungiwa wa maji, na waya wa betri uchomolewe kwanza.

Jasusi256: Basi aweke picha ya hiyo injini.

KijanaWaBombo: Nitapigaje na gari liko kwake? Akiniona nafungua boneti ataanza maswali. Nitamwambia, ila baada ya Ijumaa.

Mama Zam: Ijumaa ndiyo analeta nusu iliyobaki?