Hukumu ya Sackett na ardhioevu za Marekani: nani sasa mwenye mamlaka juu ya kijito kinachokauka?

Msomaji wa Hukumu (muuliza swali)

Wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikisoma hukumu ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliitoa tarehe 25 Mei 2023 katika kesi ya Sackett dhidi ya Shirika la Kulinda Mazingira, kuhusu ardhioevu zipi zinalindwa na Sheria ya Maji Safi, nami nimekwama mahali pawili. Kwanza, taarifa nyingine zinasema kwamba majaji wote 9 walikubaliana, na nyingine zinasema kwamba waligawanyika 5 kwa 4. Zote zinawezaje kuwa kweli? Pili, ikiwa kijito hutiririka kwa msimu tu, au kinamasi kimetengwa na mto kwa tuta, ni nani leo awezaye kumzuia mtu asikifukie?

Wakili Mstaafu

Ndugu, taarifa zote mbili ni sahihi. Majaji wote 9 walikubaliana kwamba kiwanja cha akina Sackett, karibu na Priest Lake katika jimbo la Idaho, hakikuwa chini ya sheria hiyo ya shirikisho, yaani ya serikali kuu. Walichotofautiana ni kipimo. Jaji Samuel Alito, akiandika kwa niaba ya majaji 5, alisema kwamba ardhioevu hulindwa pale tu inapoungana juu ya ardhi, pasipo kukatika, na mto, ziwa au maji mengine yaliyo ya kudumu kwa kiasi fulani, hata ikawa vigumu kuonyesha maji yanaishia wapi na ardhioevu inaanzia wapi. Jaji Brett Kavanaugh, akiungwa mkono na wenzake 3, alikikataa kipimo hicho. Alikumbusha kwamba Bunge, liliporekebisha sheria hiyo mwaka 1977, lilitaja ardhioevu zilizo jirani na maji yanayolindwa, na kwamba kwa miaka 45 tawala za vyama vyote viwili zilihesabu humo hata ardhioevu zilizotengwa na mto kwa boma la kuzuia maji au tuta la asili.

Chanzo cha mzozo ni kifupi mno. Sheria ya Maji Safi, ambayo Bunge liliipitisha mwaka 1972 baada ya kuishinda kura ya turufu ya Rais Nixon, inalinda maji yanayopitika kwa vyombo, kisha inayafafanua kuwa ni “maji ya Marekani”, basi. Kila hukumu iliyofuata imekuwa ikijaribu kuijaza nafasi hiyo. Mwaka 1985 mahakama iliridhia ulinzi wa ardhioevu zinazopakana na mito. Mwaka 2001 iliyaondoa madimbwi ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa huko Illinois, ambayo serikali ilidai kuyalinda kwa sababu tu ndege wahamaji waliyatumia. Na mwaka 2006, katika kesi ya Rapanos, ilishindwa kabisa kupata wingi wa majaji kwa hoja moja. Majaji 4 wakiongozwa na Scalia walitaka maji ya kudumu, wengine 4 walitaka ulinzi mpana, naye Kennedy, peke yake, alipendekeza kwamba ardhioevu ilindwe ikiwa ina uhusiano wa maana na maji makubwa. Kwa miaka 17 wamiliki wengi wa ardhi walipimwa kwa maneno ya jaji mmoja.

Kwa swali lako la pili: kijito kinachotiririka tu mvua inaponyesha kiko nje ya sheria ya shirikisho, kinachotiririka kwa msimu bado kinabishaniwa, na kinamasi kilicho nyuma ya tuta, kwa kawaida, kiko nje. Alito aliweka tahadhari moja, kwamba mwenye ardhi hawezi kujenga kizuizi kinyume cha sheria ili ajitoe katika mamlaka hayo.

Maji na Udongo

Nashukuru kwa maelezo hayo, lakini naomba tusiyaache maji yenyewe. Kipimo cha kuungana juu ya ardhi hakilingani na jinsi maji yanavyokwenda. Katika majimbo ya Arizona na New Mexico vijito vilivyo vingi hubaki vikavu sehemu kubwa ya mwaka, na mvua kubwa ikinyesha hubeba mchanga, mbolea na taka zote zilizomo hadi mtoni. Katika majimbo ya North Dakota na South Dakota kuna vidimbwi vingi vya nyikani vilivyochongwa na barafu ya kale. Havigusani na mto wowote, lakini hushika maji ya mafuriko, huyapitisha taratibu ardhini, na huwapa mabata mahali pa kuzalia. Majimbo 48 ya Marekani yanayopakana, yaani yote isipokuwa Alaska na Hawaii, yalipoteza zaidi ya nusu ya ardhioevu zake kati ya miaka ya 1780 na ya 1980.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba mahakama hiyohiyo, mwaka 2020, katika kesi ya kaunti ya Maui huko Hawaii, ilikubali kwamba majitaka yanayosafiri chini ya ardhi hadi baharini yanaweza kuhitaji kibali cha shirikisho. Chini ya ardhi palitambuliwa mwaka 2020 kuwa ni njia ya maji. Mwaka 2023 ardhioevu inayoungana na mto kwa njia hiyo hiyo iliambiwa haihusiki.

Mwenye Shamba

Hoja ya mwenzangu kuhusu maji ni nzito, lakini naomba upande wa mwenye ardhi nao usikilizwe kwa haki. Akina Sackett walinunua kiwanja mwaka 2004, wakaamriwa mwaka 2007 waondoe kifusi walichokimwaga, huku wakikabiliwa na faini iliyozidi dola 40,000 kwa siku, na ilibidi wafike Mahakama ya Juu mwaka 2012 ili tu wapewe ruhusa ya kuipinga amri hiyo mahakamani. Sheria huruhusu kilimo cha kawaida bila kibali, hilo nalikubali. Hata hivyo, kanuni za serikali za kufafanua “maji ya Marekani” zilibadilishwa mwaka 2015, zikabadilishwa tena mwaka 2020, kisha mara mbili mwaka 2023, na kwa sababu ya kesi zilizofuata, takribani nusu ya majimbo hufuata kanuni tofauti na nusu nyingine. Mtu anawezaje kutii mpaka unaosogezwa kila rais mpya aingiapo madarakani? Mimi naona majimbo, yanayoijua ardhi yao, ndiyo yanayofaa kuamua.

Msomaji wa Hukumu

Nimeelewa vizuri zaidi, asanteni sana. Je, majimbo yameamua kweli?

Wakili Mstaafu

Baadhi yameamua, na yamekwenda pande zinazopingana. Colorado ilipitisha sheria mwaka 2024 ili kuzilinda ardhioevu na vijito vilivyoachwa na hukumu, pamoja na utaratibu wake wa vibali. North Carolina, mwaka 2023, ilipunguza ulinzi wake ulingane na ule wa shirikisho, na Bunge lake lilifanya hivyo kwa kuishinda kura ya turufu ya gavana. Yako pia majimbo ambayo sheria zake huwakataza maofisa kuweka kanuni kali kuliko za shirikisho. Huko hukumu ya Sackett ilishusha ulinzi siku hiyohiyo, pasipo mbunge yeyote wa jimbo kupiga kura. Hapa ndipo nisipokubaliana na Mwenye Shamba. Jimbo la chini ya mto hupokea mafuriko na uchafu wa jimbo la juu, na halina kura huko.

Kwa anayetaka kujenga leo, hatua salama ni kukiomba Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, ambacho hutoa vibali vya shirikisho vya kufukia ardhioevu, uamuzi wa maandishi kama ardhi yake iko chini ya mamlaka ya shirikisho. Uamuzi huo kwa kawaida hudumu miaka 5, na tangu hukumu ya mwaka 2016 unaweza kupingwa mahakamani. Akiambiwa kwamba yuko nje, asianze kufukia kabla hajaiuliza ofisi ya mazingira ya jimbo, kwa kuwa jibu la shirikisho halilifungi jimbo.