Wenzangu wa zamu wanasema "chanjo ipo, mkitaka". Nianzie wapi nao?

Zamu_ya_Asubuhi:
Wakuu, salaam. Mimi ni muuguzi, nipo dawati la chanjo. Wanaonisumbua si wazazi, ni wenzangu. Mzazi akija na binti wa miaka kumi na kitu, mwenzangu anamwambia, "Kuna chanjo ya HPV pia, mkitaka mtasema," macho yakiwa kwenye faili. (HPV ni kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi.) Mzazi anajibu atafikiria, na ndiyo imetoka hiyo. Nikiwauliza mbona ya pepopunda wanaisema kwa uhakika, naambiwa, "Sisi tunatoa huduma, hatushawishi watu." Mwingine anaogopa binti akiugua chochote baadaye lawama zitamwangukia yeye. Wapo pia ambao wenyewe hawajachanja homa ya ini B, na damu wanaishika kila siku! Sina cheo cha kumwamrisha mtu. Nifanyeje nisionekane najifanya mjuaji?

Mama Pacha:
Nijibu kama mzazi. Daktari akiniandikia dawa ya kifua haniambii "ukitaka". Anaeleza, naenda dirishani kuichukua. Sauti ikilegea kwenye chanjo peke yake, mimi najua kuna jambo ananificha.

Tabibu_Mstaafu:
Mama Pacha kamaliza. Nyongeza yangu ni namna ya kufungua mazungumzo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2013, walirekodi madaktari wakiongea na wazazi. Aliyeanza na "leo anapata chanjo hizi" alipata upinzani mdogo kuliko aliyeanza na "mnaonaje kuhusu chanjo?" Mzazi bado ana haki ya kukataa, hilo halibadiliki. Akikataa, muulize kinachomtatiza kisha unyamaze umsikilize. Sisi wauguzi na matabibu kunyamaza ndiko kunatushinda.

Sina_Upande:
Hapo ndipo mnaponikera. Kumpa mtu sindano kwa kauli ya "leo anapata" ni kumwendesha. Mimi nataka mhudumu anipe taarifa, niamue mwenyewe.

Tabibu_Mstaafu:
Mkuu, taarifa utapewa, na maudhi yake pia: mkono kuuma, pengine homa kidogo. Ila ukiniuliza "wewe ungefanyaje?" nikakujibu "uamuzi ni wako", nitakuwa nimekunyima ulichokuja kukitafuta.

Dozi_Moja:
Dada, usianze na wazazi wala maneno ya kuwaambia. Anza na mashaka ya hao wenzako. Nimefundisha wahudumu, na kinachowatia wasiwasi wengi hawakisemi kikaoni. Mfano ni hesabu ya dozi. Mwanzo walifundishwa HPV ni dozi tatu, zikawa mbili, na Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) likasema hata moja inatosha kwa wasichana na wanawake wa miaka 9 hadi 20. Mhudumu ambaye hakuelezwa sababu anaona wakubwa wanabahatisha. Akielezwa kwamba waliopata dozi moja walifuatiliwa miaka kadhaa na kinga yao ikakaribia ya waliopata zaidi, anatulia. Wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU, bado wanahitaji zaidi ya moja, na hilo alijue kabla hajaulizwa na mzazi.

Halafu mkumbushe kinachozuiwa. Aina mbili tu za kirusi hicho, 16 na 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi.

Kuhusu kuzimia: vijana huzimia kwa woga wa sindano, chanjo yoyote ile. Mchanjeni akiwa ameketi, akae dakika 15, na mzazi aambiwe mapema. Lawama nyingi huja pale mtu anaposhtukizwa.

Foleni_Ndefu:
Yote sawa, lakini mkumbuke mhudumu ana watu arobaini nje. "Mkitaka mtasema" mara nyingine ni uchovu tu. Muulize mkuu wako wa kitengo kama maelezo yanaweza kutolewa kwa pamoja pale kwenye mabenchi, kabla ya vipimo.

Zamu_ya_Asubuhi:
La mabenchi naweza kulianza wiki hii bila kuomba ruhusa kubwa. La dozi sikuwahi kuliwazia, na nina hakika ndilo linalomsumbua mmoja wao. Na hawa wa homa ya ini B?

Dozi_Moja:
Mmoja mmoja, faragha. Usimuulize kwa nini hajachanja, muulize lini amejichoma na sindano mara ya mwisho.

Mama Pacha:
Na akishachanja, mwombe awaambie wazazi mwenyewe. Hilo ningelisikiliza.