Hivi hawa wanaajiri mwalimu wa Kiingereza au wanaajiri pasipoti?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha. Leo asubuhi nimepata jibu la nne la kukataliwa mwaka huu, shule ya Korea Kusini, mistari miwili tu, asante kwa maombi ila nchi yako haipo kwenye orodha. Basi, imeisha hiyo. Hawajauliza nimefundisha nini wala wapi, vidio niliyojirekodi nikifundisha darasa la sita hata hawajaifungua, wameangalia sehemu ya uraia wakapita.

Orodha yenyewe naiweka hapa maana kuna watu bado wanachoma bando kila siku kutuma maombi: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Nchi 7. Viza yao ya walimu wa lugha inaitwa E-2 na kwa mwalimu wa Kiingereza wanataka uraia wa nchi hizo. China nako wimbo ni ule ule, tangazo linakuja limeandikwa "native speakers only", yaani wazawa wa lugha tu, uwe na digrii, uwe na uzoefu wa miaka miwili au cheti cha TEFL, yaani kozi ya kufundisha Kiingereza kwa wasio wazawa wake, cha masaa 120. Digrii ya ualimu ninayo, Kiingereza na fasihi, kazini nina miaka 8, TEFL nimeisoma usiku kwenye simu nikimaliza kusahihisha madaftari ya watoto 45. Vyote vipo, wanachokikataa ni kule nilikozaliwa.

Sasa mtu anieleweshe, mzawa wa lugha ni nani? Mimi tangu kidato cha kwanza mpaka chuo kikuu kila kitu nimesomeshwa kwa Kiingereza, baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, hata vita vya Maji Maji vilivyopiganwa na babu zetu nimevisoma na kuvijibia mtihani kwa Kiingereza. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao mlangoni kwa mwalimu wa zamu, Speak English, na kulikuwa na kipande cha mbao, ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa shingoni, unashinda nacho mpaka umnase mwenzio umvishe, na anayebaki nacho jioni anachapwa. Nilichapwa nikiwa na miaka 14 kwa sababu nilimuomba rafiki yangu maji ya kunywa kwa lugha ya mama yangu. Leo nina miaka 33 naambiwa Kiingereza hicho hicho nilichochapiwa sio changu. Aisee inauma, sijui niseme vipi.

Na msidhani ni huko nje tu. Hapa hapa Dar, English medium niliyofundisha, aliletwa kijana mmoja kutoka Ulaya, miaka 23, digrii yake ya masoko, hajawahi kusimama mbele ya darasa. Kijana mwenyewe hakuwa na ubaya, alikuwa na heshima zake na alikuwa anajua kabisa kwamba hajui kazi. Mkuu wa shule akaniita akaniambia mwalimu, msaidie mwenzio azoee. Basi azimio la kazi namwandikia mimi, andalio la somo namwandikia mimi, wazazi wakija siku ya taaluma anasimamishwa yeye mbele. Yeye analipwa kwa dola na nyumba juu, mimi mshahara unachelewa mpaka tarehe 10. Yeye anaitwa ekspati. Mimi nikivuka mpaka na digrii yangu naitwa mhamiaji.

Kuna mtu atasema jaribu Uingereza. Nimejaribu. Februari 2023 England walifungua mlango kwa walimu wa nchi 9 zaidi kuomba sifa ya ualimu ya kwao: Ghana, Nigeria, Zimbabwe, Afrika Kusini, India, Jamaika, Singapore, Hong Kong na Ukraine. Tanzania hatumo, Kenya hawamo, Uganda hawamo. Halafu kwenye viza kuna orodha ya nchi ambazo raia wake hawatakiwi kuthibitisha kwamba wanajua Kiingereza, isomeni wenyewe mtafute nchi huru hata moja ya Afrika, hakuna. Malta wana Kimalta chao na wamo. Mtoto wa Lagos au Kampala anayeongea Kiingereza na wazazi wake tangu anyonye hayumo, anaenda kufanya IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, na majibu ya IELTS yanahesabika miaka miwili tu halafu unalipa tena unarudia, kama vile lugha inaisha muda kama dawa ya malaria. Ukisema digrii yangu imefundishwa kwa Kiingereza, sawa, kuna kuithibitisha, nako kunalipiwa.

Kilichonimaliza kabisa ni wakala. Huyu simtaji, ila nilimpa milioni moja na laki nane, hela ya kikoba na nyingine ya dada yangu anayeuza vitenge, kwa ahadi ya kazi China. Nikahangaika miezi mitatu, cheti cha kuzaliwa, cheti cha polisi, mihuri wizarani, mihuri ubalozini. Siku ya mwisho ananiambia mwalimu, utaingia kwa viza ya biashara, na ukiulizwa shuleni sema umetokea Johannesburg, jifunze lafudhi yao kidogo. Nilibaki namtazama. Sheria ya China ukikamatwa unafanya kazi bila kibali ni faini yuan 5,000 mpaka 20,000, ikiwa nzito unawekwa ndani siku 5 mpaka 15, na kurudishwa kwenu. Anayelala ndani ni mimi, yeye yupo ghorofani kwake na feni inazunguka. Nikamwambia mimi ni mtu wa Songea, siwezi kumkana mama yangu ili nifundishe watoto a-e-i-o-u. Hela hajarudisha mpaka leo, simu hapokei. Na mjue mkataba wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, namba 181 wa mwaka 1997 unasema kwa kawaida mawakala wasimtoze mfanyakazi hela, mimi nimeujua baada ya kuliwa.

Dada yangu hajanidai hata siku moja. Hilo ndilo linaninyima usingizi kuliko Korea yenyewe.

Kwa hiyo naomba, aliyepata kazi ya kufundisha Kiingereza nje kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, bila kudanganya kwao ni wapi, aweke hapa nchi gani, viza gani, alitumia hela ngapi na sasa analipwa ngapi ukilinganisha na mzungu anayefundisha darasa la jirani. Mawakala msinifuate inbox.